Kupeana mkono mbele ya mpinzani

Ndugu wasikilizaji, na ninyi ambao redio haikuwafikia na sasa mnasoma maneno haya kwenye karatasi, ninawasalimu. Ninyi wenyeji wa Kinkondja na wa vijiji vya ziwa Kisale, ninawasalimu. Ninyi mliofika hapa na mizigo kichwani na watoto mgongoni kwa sababu ya vita, ninawasalimu pia, na kwenu nitarudi mara kwa mara leo, maana habari hii inawagusa ninyi kwanza. Nanyi mashefu, wazee wa vijiji, viongozi wa makanisa na wakubwa wa vivuko, vumilieni hata mkisikia neno litakalowauma kidogo.

Leo sitasema juu ya bunduki. Nitasema juu ya mkono na juu ya jicho.

Siku moja nilikuwa nimekaa kando ya meza, mahali ambapo sitapataja, familia zilizokimbia zikiandikishwa. Kijana wa miaka kama 16 akaja mbele. Akapinda magoti kidogo, akaushika mkono wake wa kuume kwa mkono wa kushoto, akautoa kwa mwandishi, uso ukitazama chini. Mwandishi aliuona mkono ule akauacha hewani. Akauliza: Jina la baba yako? Kijana akajibu akitazama chini. Kijiji gani? Akajibu akitazama chini. Ndipo mwandishi akaweka kalamu na kusema: “Huyu anadanganya. Tazameni, hata macho yangu hawezi kuyaangalia.” Karatasi ya kijana ikawekwa pembeni, na usiku ule mama yake na wadogo wake watatu walilala bila unga na bila turubai. Kesho yake mzee mmoja alikuja kueleza kwamba mtoto yule alikuwa amefundishwa vizuri nyumbani kwao, na mambo yakatengenezwa.

Nilikuwapo. Nilikuwa nimekwisha kumaliza masomo ya sheria kwenye chuo kikuu, nilijua vizuri sana kwamba kutazama chini si ushahidi wa kitu chochote, na nilinyamaza mpaka jioni.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuata habari za salamu kati ya watu wanaoshindana. Nimezifuata hata mahali ambapo hamkutazamia, kwenye mchezo wa sataranji, ule wenye mfalme, malkia, farasi na askari, ambao wengi wenu mliusikia shuleni kwa jina lake la Kifaransa. Msiseme, huyu anatuletea mambo ya Wazungu. Mchezo ule ulitoka Uhindi kabla ya mwaka wa 700, ukapita Uajemi, Waarabu wakaupokea, na ndipo ukafika Ulaya. Jina lenyewe sataranji ni neno la Waajemi lililofika pwani yetu ya mashariki pamoja na jahazi. Na ng’ambo ya mpaka wetu, Ndola, katika Zambia, alizaliwa Amon Simutowe, ambaye mwaka wa 2009 alikuwa mtu wa kwanza wa Afrika ya kusini mwa Sahara kupata cheo cha grandmasta, cheo cha juu kabisa katika mchezo huo. Ndola na Lubumbashi ni kama mkono na kiwiko.

Tena sisi wenyewe tunao mchezo wa namna hii. Wazee wanacheza kisolo, wenye safu 4 za mashimo na mbegu. Anayejua kisolo atafahamu upesi sataranji ni kitu gani: watu wawili wameketi karibu karibu, kila mmoja anataka kumwangamiza mwenzake, na hakuna anayemgusa mwenzake. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye sataranji ya mashindano salamu imeandikwa. Kabla ya kuanza mnapeana mkono. Ukikubali kwamba umeshindwa, unatoa mkono tena. Na jicho nalo lina sheria yake: linatazama ubao. Kumkazia macho mpinzani wako wakati anafikiri huhesabiwa kuwa ni kumsumbua.

Sasa niwapeleke mji wa Baguio, katika inchi ya Ufilipino, mwaka wa 1978. Watu wawili wanagombea ubingwa wa dunia. Mmoja ni Anatoly Karpov, bingwa, kijana wa Urusi ya Kisovieti, serikali nzima iko nyuma yake. Mwingine ni Viktor Korchnoi. Huyu Korchnoi nataka mumtazame vizuri, ninyi mliokimbia makwenu. Alizaliwa Leningrad mwaka wa 1931. Alikuwa mtoto wakati Wajerumani walipouzingira mji ule na njaa ikaua watu wengi sana, na baba yake akafa katika vita hiyo. Mwaka wa 1976, alipokwenda kucheza Amsterdam, hakurudi kwao. Mke wake na mtoto wake wa kiume walibaki nyuma, na serikali ilikataa kuwaachilia. Kule Baguio aliketi mbele ya ubao bila inchi. Kukawa mabishano hata juu ya bendera: mwenzake anayo ya kuweka mezani, yeye hana.

Basi watu hawa wawili walipeana mikono katika michezo ya kwanza, na michezo 7 ikaisha hakuna mshindi. Kabla ya mchezo wa 8, Korchnoi akatoa mkono wake kama desturi. Karpov akakataa kuupokea. Siku ile Korchnoi akashindwa, na ndio ulikuwa mchezo wa kwanza kupata mshindi.

Baada ya hapo hakukuwa tena na adabu kati yao. Na kumbukeni, vita vya macho vilikuwa vimekwisha kuanza. Upande wa Warusi ulimleta mtaalamu wa mambo ya akili ya binadamu, aliyeitwa Zukhar, akaketi katikati ya watazamaji na kumkazia macho Korchnoi saa nyingi. Korchnoi alilalamika na kutaka mtu yule arudishwe nyuma. Yeye mwenyewe alivaa miwani ya kioo kama kile cha kujitazamia, ili Karpov akiinua macho aone uso wake mwenyewe. Wakabishana juu ya viti. Wakabishana juu ya kikombe cha maziwa ya mgando ambacho Karpov aliletewa katikati ya mchezo, watu wa Korchnoi wakisema labda ndani yake kuna habari ya siri. Mnacheka, nami nilicheka niliposoma. Lakini fikirini ni mara ngapi, hapa kwetu, samaki aliyeletwa na jirani amehesabiwa kuwa ni sumu, kwa sababu tu jirani yule na mwenye nyumba walikuwa hawasalimiani tena.

Mashindano yale yaliendelea miezi mitatu, michezo 32. Karpov alishinda 6 kwa 5, na 21 ilikuwa sare. Mke na mtoto wa Korchnoi waliruhusiwa kutoka mwaka wa 1982 tu, baada ya yule kijana kukaa gerezani kwa sababu alikataa kuingia jeshini. Korchnoi akakaa Uswisi mpaka kufa kwake, mwaka wa 2016.

Nimesoma watu wanaosema kwamba mambo ya Baguio yalikuwa utoto wa wakubwa. Mimi sikubali. Mtu aliyenyimwa inchi, aliyenyimwa mke na mtoto, akitoa mkono na mkono ule ukaachwa hewani, hapo hakunyimwa salamu tu. Ameambiwa mbele ya watu kwamba hayupo. Kijana wa mezani niliyewasimulia angemfahamu Korchnoi bila mkalimani.

Lakini jicho si lazima lilete vita. Mwaka wa 1959, katika Yugoslavia, Mikhail Tal alikuwa akiogopwa kwa namna alivyowatazama wapinzani wake. Pal Benko, mtu wa Hungaria aliyekuwa naye ameikimbia inchi yake, alikuja mezani na miwani myeusi ili ajikinge. Tal naye akatoa miwani mikubwa kupita kiasi, ya kuazima, akaivaa. Watazamaji wakacheka, waamuzi wakacheka, Benko mwenyewe akacheka, na mchezo ukaendelea. Na mwaka wa 1972, Reykjavik, katika Iceland, Boris Spassky aliposhindwa na Mmarekani Bobby Fischer katika mchezo wa 6, aliungana na watu wote kumpigia makofi yule aliyemshinda. Yalikuwa mashindano yenye uchungu mwingi, na serikali mbili kubwa zilikuwa zikiangalia, na bado mikono ya Spassky ilijua la kufanya.

Kumpigia makofi aliye mbele yako: hapo mimi, mtu wa inchi hii, nasikia nyumbani.

Turudi kwetu. Katika Kinkondja na pembeni mwa Lualaba watu wamekaa tangu zaidi ya miaka 1000. Makaburi ya Sanga, ambayo wataalamu walianza kuyachimba mwaka wa 1957, yalionyesha vyungu vizuri, vyuma na misalaba ya shaba. Wafu wa Sanga hawakutuachia neno la salamu zao. Lakini masimulizi ya ufalme wa Waluba yametuachia, na yanaanza na habari ya adabu.

Mnayajua, lakini hebu tuyasikie tena kwa sikio la leo. Nkongolo Mwamba alikuwa akitawala. Akafika mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa ukoo wa kifalme. Nkongolo alikula mbele ya watu wote na kucheka kinywa wazi. Mbidi hakula wala hakunywa mbele ya macho ya watu. Tazama, ugomvi wa kwanza katika historia ya ufalme wetu si juu ya shamba wala juu ya ziwa. Ni juu ya jicho: nani aonekane, akifanya nini, mbele ya nani. Mgeni akasema mwenyeji hana adabu, mwenyeji akasema mgeni ana kiburi. Hata hivyo Mbidi alioa dada za Nkongolo, na mmoja wao, Bulanda, akamzaa Kalala Ilunga.

Mbidi akarudi kwao. Mtoto akakua kwa mjomba wake, akawa hodari katika mbio, katika ngoma na katika michezo. Hapa wasimulizi hawapatani katika kila jambo, na mimi sitawalazimisha wapatane. Wengi husema kwamba Kalala Ilunga alimshinda Nkongolo mchezoni, na mama wa Nkongolo akamcheka mwanawe. Kicheko kile hakikuvumilika. Nkongolo akaamuru mama yake azikwe akiwa hai. Kisha akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, akamwita mpwa wake aje kucheza ngoma juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kijana kwa midundo. Kalala akaupiga mkeka kwa mkuki, akaona shimo, akakimbia, akavuka Lualaba, akaenda kwa baba yake. Yaani naye alikuwa mkimbizi. Aliporudi, alirudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa.

Sisemi kwamba mambo haya yote yalitokea kama yanavyosimuliwa. Ninasema kwamba wazee waliotuachia habari hii walifahamu kitu fulani juu ya mchezo. Aliyeshindwa hakuwa na njia ya kukubali kushindwa bila kudharauliwa. Hakukuwa na mkono wa mwisho. Hakuna aliyemwambia mama, usicheke sasa.

Na ufalme uliozaliwa baada ya hapo ulikuwa na adabu nyingi sana. Mtu aliyefika mbele ya mulopwe alipiga magoti, akajipaka pemba, ule udongo mweupe, kifuani na mikononi, akapiga makofi. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwa mfalme Kasongo Kalombo mwaka wa 1874, akakaa miezi mingi, na akaandika juu ya watu kujipaka udongo wakisalimu wakubwa. Mafundi wetu walichonga sanamu za mwanamke aliyepiga magoti akishika bakuli, inayoitwa mboko, na ndani ya bakuli ilikuwa pemba. Nyingi ya sanamu hizo leo ziko katika vyumba vya makumbusho vya Ulaya. Mkiona picha zake, tazameni macho: kope zimeshuka. Fundi hakushindwa kuchonga jicho lililo wazi. Alijua kwamba mtu mwenye heshima, na mwenye siri za wakubwa, hamkazii mtu macho.

Ndiyo maana mtoto wa hapa, akiitwa na baba yake, hutazama chini. Ndiyo maana mama akimpa mzee maji hupinda magoti, na kijana hushika mkono wake wa kuume kwa wa kushoto, kusema: mikono yangu yote miwili unaiona, sikuficha kitu. Na mdogo hamtolei mzee mkono kwanza bila hali hiyo ya unyenyekevu. Hizi ni sheria, kama zile za sataranji, ila hakuna aliyeziandika.

Halafu wakaja Wabelgiji na sheria nyingine. Wazungu wengi wa siku zile hawakumpa mtu mweusi mkono, hata awe karani wao wa miaka 20. Mwaka wa 1948 walianzisha karatasi ya sifa njema kwa wale waliowaita waliostaarabika, na mwaka wa 1952 wakaongeza kuandikishwa kwa namna ya pekee, ambapo watu walikuja kukagua mpaka nyumba yako na meza yako ya kulia. Baba zetu walijifunza kushika mkono kwa nguvu na kutazama mtu usoni, kwa sababu shuleni na kazini waliambiwa kwamba anayetazama chini ni mjanja au mwongo. Lakini askari mweusi aliyemtazama mkubwa wake Mzungu usoni aliitwa mwenye kiburi. Basi ufanyeje? Tumerithi sheria mbili zinazopingana, na mwandishi wa mezani, aliye mtoto wa inchi hii kama mimi, alikuwa akitumia ile ya pili juu ya mtoto aliyelelewa katika ile ya kwanza.

Na hapa kuna jambo la kutuumiza, ninalisema polepole. Mwaka wa 1992, baada ya Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri mkuu katika Mkutano Mkuu wa Taifa mwezi wa 8, fujo ilianza Likasi juu ya watu wenye asili ya Kasai, na mwaka wa 1993 ikafika Kolwezi. Watu maelfu na maelfu walilala kwenye stesheni, wakapakiwa katika mabehewa, wakapitia Kamina kwenda Kasai, inchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa njiani, watoto kwanza. Nimezungumza na wazee waliokuwa Likasi siku zile, wa pande zote mbili. Nikiwauliza ilianzaje, hawaanzi na mawe wala moto. Wanasema: fulani, tuliyechota maji pamoja miaka 15, asubuhi moja alipita bila kunisalimu. Mmoja aliniambia kwamba alimsikia jirani akimsalimu mke wake na watoto wake na kumruka yeye.

Vivyo hivyo katika mambo ya Mai-Mai. Mwishoni mwa mwaka wa 2005, jeshi lilipowaandama katika sehemu za Mitwaba na kandokando, watu walikimbilia upande wa ziwa Upemba na vijiji vyake. Wale waliowapokea walikuwa na woga wao: nani kati ya hawa alikuwa huko msituni? Woga ule ulitafuta alama, na alama rahisi kupita zote ni uso wa mtu. Anayetazama chini, ana la kuficha. Anayekaza macho, amezoea kuua. Hakuna namna ya kutazama ambayo ingemwokoa.

Na katika inchi ya Tanganyika, kuanzia mwaka wa 2013, Waluba na Batwa walichomeana vijiji. Wengine wenu mmetoka huko Manono, mnajua kuliko mimi. Mnajua pia kwamba muda mrefu kabla ya mshale wa kwanza kulikuwa na vijiji ambamo Mluba hakukubali kula sahani moja na Mutwa. Sitasema upande gani uliua zaidi. Ninasema tu kwamba watu walioishi mto mmoja walikuwa hawana salamu ya watu walio sawa.

Turudi kwa wachezaji, kwa sababu wao walijaribu kutengeneza jambo hili kwa sheria, na majaribio yao yana mafundisho kwa shefu yeyote. Mwaka wa 2007, FIDE, shirika la sataranji la dunia lililoanzishwa Paris mwaka wa 1924, liliamua kwamba mchezaji asiyempa mpinzani wake mkono kabla ya mchezo, au asiyemsalimu kwa namna ya kawaida ya watu, atahesabiwa ameshindwa palepale. Sheria kali. Mwezi wa kwanza wa 2008, huko Wijk aan Zee katika Uholanzi, Ivan Cheparinov wa Bulgaria alikataa mara mbili mkono wa Mwingereza Nigel Short. Mwamuzi akampa Short ushindi. Lakini Cheparinov akakata rufaa, na kamati ya rufaa ikaamua hivi: aombe msamaha, wapeane mkono, na mchezo uchezwe kesho yake. Aliomba msamaha kwa maandishi, wakapeana mkono, wakacheza. Short akashinda ubaoni.

Mimi kama mtu wa sheria ninaipenda kamati ile kuliko sheria yenyewe. Sheria ilitaka kumpiga mtu. Kamati ilitaka mchezo uwepo. Wazee wa baraza wangefanya vile vile, labda na kuku juu yake.

Na tazameni neno lile dogo katika sheria: au amsalimu kwa namna ya kawaida ya watu. Neno hilo lilifanya kazi kubwa. Mwezi wa kwanza wa 2025, katika mji uleule, Nodirbek Yakubboev wa Uzbekistan, Mwislamu, hakupokea mkono wa dada Vaishali wa Uhindi. Watu wakakasirika, picha zikaenea dunia nzima. Kumbe dini yake, kama anavyoishika, haimruhusu kugusa mwanamke asiye wa jamaa yake. Hakutaka kumdharau, lakini hakuwa amemwambia mapema, na yule dada alibaki na mkono hewani mbele ya kamera. Kisha alimwendea, akaomba msamaha, akampelekea maua na chokoleti. Alipokutana na mchezaji mwingine mwanamke, alimwambia kabla, nao wakasalimiana kwa kuunganisha viganja vyao wenyewe mbele ya kifua, namna ya Wahindi. Hakuna aliyeumia. Mkono ulikuwa haukutolewa mara zote mbili. Tofauti ni kwamba mara ya pili mtu alikuwa ameelezwa.

Sisi hatuhitaji kwenda Uholanzi kujua kwamba mkono unaweza kuachwa bila kuacha heshima. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, mwaka wa 2018 mpaka 2020, watu waligusana viwiko. Corona ilipofika mwaka wa 2020, dunia nzima ilifanya hivyo. Hatukukosana, kwa sababu kila mtu alijua sababu.

Sasa ninyi mashefu, na ninyi mnaoshika kalamu kwenye meza za kuandikisha. Sheria yetu, tuliyoipokea kwa Wabelgiji, inamwachia hakimu kuamua kufatana na anavyoamini moyoni mwake baada ya kupima ushahidi. Ni uwezo mkubwa. Chuoni walitufundisha uwezo huo. Hawakutufundisha kwamba jicho la mtu wa Malemba-Nkulu haliongei lugha moja na jicho la mtu aliyekulia Lubumbashi. Anayetazama chini mwulizeni jina la shefu wake, jina la mto wa kwao, jina la mwalimu wa shule, nani alikuwa jirani kushoto na kulia. Majibu hayo yanaweza kupimwa. Kope za mtu haziwezi kupimwa.

Na kabla ya kufungua daftari siku familia mpya zinaposhuka mitumbwini, muiteni mzee wao mmoja na mama mmoja, mkae nao chini ya mti, mwaulize: kwenu, nani anatoa mkono kwanza? Mwanamke anasalimuje mwanaume asiye wa jamaa? Mtoto anatazama wapi? Kisha waelezeni namna ya hapa. Haichukui muda mrefu kuliko kunywa maji. Baadaye mtakapogombana, na mtagombana, juu ya mahali pa kutega nyavu au juu ya shamba la muhogo, kutakuwa angalau na watu wawili wanaojua namna ya kumaliza mchezo. Na wakati wa baraza, aliyeshindwa katika shauri asiachwe aondoke peke yake huku wengine wanacheka. Shefu asimame, amfuate mpaka njiani, ampe mkono. Mkumbukeni mama wa Nkongolo.

Ninyi mliokimbia, nina ombi kwenu pia. Mtoto wenu anapokwenda mezani, asiache adabu ya kwao. Lakini mmoja wenu mkubwa aende pamoja naye na aseme kwa sauti: huyu amefundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Neno hilo moja lingemtosha kijana niliyemwona mimi, na ni mimi niliyepaswa kulisema.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, saa ileile, tutazungumza juu ya karatasi za kuzaliwa za watoto waliozaliwa njiani wakati wa kukimbia, na tribinali gani inaweza kuzitoa. Anayetaka kuuliza swali alipeleke kwa mzee wa kijiji chake, liandikwe na litufikie. Kwaherini.